Diski yangu ya vipindi vya televisheni imeanza kugonga: nivihifadhi vipi kwenye wingu?

MwalimuPangani (Tanga)

Salaam wanajamvi. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, na mnivumilie kwa urefu, maana nikieleza nusu nitapewa jibu la nusu.

Ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari hapa Tanga mjini. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikirekodi vipindi vya televisheni kwa king'amuzi cha antena, hivi vinavyoshika chaneli za bure na vina tundu la USB mbele. Unachomeka diski, unabonyeza kitufe chekundu cha rimoti, kipindi kinaingia. Ninachorekodi ni taarab za jukwaani zinazorushwa sikukuu, mahojiano na malenga na wazee wa mwambao, na vipindi vya lugha ninavyotumia darasani. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wakisoma mizani kwenye kitabu wanasinzia. Nikiwawekea mzee akighani, darasa zima linaanza kuhesabu kwa vidole bila kuambiwa.

Mle ndani kuna kipindi kimoja cha nusu saa ambacho ndicho kinachoninyima usingizi. Mjomba wangu, aliyekuwa malenga kule Pangani, amekaa barazani kwake anaghani utenzi wake mwenyewe, kisha anaeleza alivyofunzwa vina na baba yake wakiwa ndani ya dau. Mjomba ameshatangulia mbele ya haki. Nilikwenda kwenye kituo kilichokirusha kuomba nakala, nikapokelewa vizuri tu, nikaambiwa kipindi kile hakipo tena, kilifutwa ili kupata nafasi. Kwa hiyo, kwa ninavyofahamu, nakala iliyopo duniani ni hii yangu.

Sasa diski. Ni ya nje, ya GB 500, imeshajaa kama GB 380. Tangu mwezi uliopita nikiichomeka kwenye king'amuzi inatoa sauti ya kugonga, *tik, tik, tik*, halafu king'amuzi kinaandika kwamba hakuna hifadhi. Nikichomoa na kurudisha, mara inakubali, mara inagoma. Tena baadhi ya vipindi virefu vimekatika vyenyewe: faili moja linaishia GB 4, linalofuata linaendelea. Na vichache nilivyorekodi kwa king'amuzi kingine, cha kulipia, havifunguki kabisa kwenye laptopu.

Kaka yangu yuko Muscat na yeye anataka kumwona mjomba. Ananiambia, "Weka kwenye wingu, yaishe," yaani kwenye kompyuta za kampuni kupitia intaneti. Mwalimu mwenzangu naye anasema siku hizi kampuni za televisheni zenyewe zinakuhifadhia vipindi huko huko kwenye wingu, kwa nini nihangaike na diski. Nimebaki katikati.

Maswali yangu: nipeleke wapi, na kwa bando letu hili inawezekana kweli? Nikishindwa kulipa, au nikifa, vitabaki? Na je, sheria inasemaje?

---

KijanaWaChuda (Tanga)

Shikamoo mwalimu. Mbona rahisi, pandisha YouTube uweke iwe ya siri, bure kabisa na hakuna kikomo cha ukubwa kinachokuhusu. Au fungua chaneli yako mwenyewe Telegram, utupie humo, kaka yako unampa kiungo. Mimi nimeweka mechi zangu zote huko.

---

FundiKiborloni (Moshi)

Mwalimu, shikamoo. Natengeneza televisheni na ving'amuzi, na kazi ya kuokoa vitu kwenye diski naifanya karibu kila wiki. Kabla hatujafika kwenye wingu, tafadhali usiichomeke tena ile diski kwenye king'amuzi. Hata kwa kujaribu. Iweke mezani kwanza.

Sababu ni hii. Sauti ya kugonga ina maana mbili, na moja ni nafuu kubwa. Inawezekana kichwa cha kusomea ndani ya diski kimeanza kufa, na hiyo ni habari mbaya. Lakini mara nyingi sana ninacholetewa ni diski nzima isiyo na tatizo, ila tundu la USB la king'amuzi halitoi umeme wa kutosha kuizungusha. Tundu la kawaida la USB 2.0 linapaswa kutoa miliampea 500, na diski ndogo za nje wakati wa kuanza kuzunguka hutaka zaidi ya hapo. Adapta ya king'amuzi ikichoka kidogo, diski inajaribu kuamka, umeme haufiki, kichwa kinarudi mahali pake, inajaribu tena. Hiyo ndiyo *tik, tik* yako. Ichomeke kwenye laptopu, moja kwa moja bila waya mrefu wa kuungia. Ikitulia na kuzunguka kimya, shukuru Mungu. Ikigonga hata huko, izime mara moja, usiiwashe tena, mpelekee fundi anayejua kutoa nakala ya diski nzima kwa programu ya ddrescue.

Ikifunguka, jambo la kwanza ni kunakili kipindi cha mjomba. Hicho kwanza, peke yake, kwenye laptopu na kwenye flashi. Usianze na folda nzima ukaenda kupika. Diski inayoumwa inaweza kukupa saa moja tu, na hiyo saa isiliwe na taarab ya Idi ambayo pengine watu mia wanayo.

Ukishanakili, fungua faili kwa programu ya VLC utazame mpaka mwisho. Likicheza kwenye laptopu, ni faili la kawaida na unaweza kulipeleka popote. Yale yasiyofunguka, ya king'amuzi cha kulipia, yamefungwa kwa funguo iliyo ndani ya king'amuzi kile kile. Ukiyapakia kwenye wingu utakuwa unalipia kuhifadhi sanduku lisilo na ufunguo. Yatazame kwenye king'amuzi chake kikiwa bado hai. Kwenye wingu usiyapeleke.

Kuhusu kukatika kwenye GB 4, si ugonjwa. Diski imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kuvuka hapo, basi king'amuzi kinafungua jingine. Faili hizi za king'amuzi, zinazoishia na .ts, zimejengwa kwa pakiti ndogo ndogo za baiti 188, kila moja inajitegemea, kwa hiyo vipande vinaunganishwa kwa kuvipanga tu kimoja nyuma ya kingine. Kwenye Windows fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo, uandike:

`copy /b kipande1.ts+kipande2.ts kipindi_kizima.ts`

Faida nyingine ya mpangilio huo: umeme ukikatika katikati ya kurekodi, unapoteza sekunde za mwisho tu. Faili la MP4 mara nyingi likikatwa hivyo halifunguki, kwa kuwa orodha yake ya ndani huandikwa mwishoni. Kwa hiyo usifute faili lolote kwa kudhani limeharibika kisa TANESCO walikata.

Sasa wingu, na hapa hesabu ndiyo itakayokuamulia. Chaneli ya antena yenye picha ya kawaida, isiyo HD, inatumia kama megabiti 2 kwa sekunde. Megabiti 8 ni MB moja, kwa hiyo nusu saa ya mjomba ni karibu MB 450. Ukiwa na intaneti inayopandisha megabiti 3 kwa sekunde, na angalia sana, nasema *kupandisha*, si kushusha, maana kampuni hutangaza ile ya kushusha, faili hilo linaisha kwa dakika 20. Bando la kawaida linalimudu. GB 380 zote kwa spidi hiyo hiyo ni karibu siku 12, usiku na mchana, bila kukatika hata dakika. Kwa bando la simu usijaribu, utauza mbuzi.

Ushauri wangu: gawa mafungu mawili. Vile visivyopatikana tena popote, yaani mjomba, wazee, malenga, vichambue uvipandishe kwenye wingu wewe mwenyewe, kidogo kidogo usiku. Sidhani vitazidi GB 40 au 50. Vilivyobaki nunua diski mpya ya TB 1, nakili vyote, na siku ndugu au jirani anapanda ndege kwenda Muscat mpe hiyo diski ampelekee kaka. Kaka akiwa na faiba nyumbani kwake atapandisha kutoka huko, na diski anabaki nayo. Hapo una nakala Tanga, nakala Muscat na nakala mtandaoni. Mafuriko, mwizi na nenosiri lililosahaulika haviwezi kukupata siku moja mahali pote patatu.

Mahali pa kupakia: Google Drive inatoa GB 15 bure, lakini hizo zinaliwa pia na barua pepe zako na picha za simu, na zikijaa barua pepe zinaacha kuingia. Kwa mwalimu anayepokea ratiba za mitihani kwa barua pepe hilo si jambo dogo. Fungua akaunti ya pili ya kazi hii peke yake. OneDrive ya bure ni GB 5. Ukihitaji zaidi unalipia kwa mwezi.

Na wewe kijana wa Chuda, nakuelewa, lakini kwa kitu kisicho na nakala nyingine siwezi kumshauri mwalimu hivyo. YouTube hubana upya kila video inayopokea, na ukija kuishusha hupati faili lile ulilopandisha. Tena mfumo wao wa hakimiliki hukagua hata video ya siri. Taarab moja ikitambuliwa, video inaweza kuzuiwa. Telegram hupokea faili la mpaka GB 2 kwa akaunti ya bure, sawa, ila akaunti isiyofunguliwa kwa muda uliowekwa kwenye mipangilio yake hujifuta na kila kilichomo. Kwa mechi hakuna neno. Kwa mjomba, hapana.

---

MzanzibariOhio (Columbus, Marekani)

Assalaam aleikum. Mwalimu, nijibu hili la mwenzako aliyesema kampuni zenyewe zinahifadhi kwenye wingu, kwa kuwa huku niliko ndiyo maisha yetu na watu wengi hawalielewi.

Huku rekodi ya wingu imefika kwa njia ya mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani kwa mashine ya Betamax ili akitazame baadaye si wizi. Mwaka 1999 zikaja mashine za diski, TiVo na ReplayTV. Halafu mwaka 2006 kampuni ya kebo ya New York, Cablevision, ikasema: kwa nini diski ikae sebuleni kwa mteja? Tuiweke kwetu, yeye abonyeze rimoti tu. Vituo na studio za filamu zikaishitaki. Mwaka 2007 Cablevision ikashindwa, Agosti 2008 ikashinda kwenye rufaa, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikakataa kuisikiliza kesi.

Ilishindaje? Kwa sababu kila mteja alikuwa na nakala yake mwenyewe, aliyoiagiza yeye kwa kitufe chake, na hakuna mwingine anayeitazama. Watu elfu kumi wakirekodi mechi ile ile, seva zinabeba mechi ile ile mara elfu kumi. Fundi wa kompyuta atasema ni upotevu, lakini ndicho kilichowaokoa kisheria. Ulaya walikwenda njia nyingine: Novemba 2017 mahakama ya Umoja wa Ulaya, kwenye kesi ya VCAST, ilisema kampuni inayowarekodia watu vipindi vya televisheni kwenye wingu bila ruhusa ya wenye haki haiwezi kujificha nyuma ya "nakala binafsi".

Sasa sikiliza upande wa mteja. Mimi nimejiunga na YouTube TV, huduma ya kulipia ya chaneli za televisheni kwa intaneti; nafasi ya kurekodi haina kikomo, na kila rekodi inakaa miezi 9 kisha inaondoka. Siwezi kuishusha nikaiweka kwenye diski yangu. Nikiacha kulipa, zimekwenda zote. Na nilipokuwa na kampuni nyingine kabla ya hii, chaneli moja iligombana nayo kuhusu malipo, ikaondolewa usiku, na asubuhi rekodi zote za chaneli ile hazikuwepo. Mama watoto alikuwa ameweka vipindi vya mapishi vya mwezi mzima wa Ramadhani. Nilipiga simu nikajibiwa kwamba masharti niliyokubali yanasema hivyo, na kweli yanasema.

Kwa hiyo, mwalimu, ile ni haki ya kutazama kwa muda. Wewe una *faili*. Hiyo diski yako inayogonga ina kitu ambacho mimi, pamoja na dola zote ninazolipa kila mwezi, sina. Usikubali mtu akwambie imepitwa na wakati.

Bei nizijuazo ni za huku: Google GB 100 ni dola 1.99 kwa mwezi, TB 2 ni dola 9.99. Hizo GB 50 za fundi zinatosha kwenye ile ndogo. Na swali lako la kufa, Mungu akupe umri mrefu, lina jibu. Google wana sera kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyoguswa miaka 2 wanaweza kuifuta na vilivyomo, na walianza kuitekeleza Desemba 2023. Lakini ndani ya mipangilio ya akaunti kuna mahali pa kumtaja mtu atakayepewa vitu vyako akaunti ikikaa kimya, unachagua mwenyewe baada ya miezi mingapi. Mtaje kaka yako, na mtaje mwingine kijana zaidi.

Ila usiweke matumaini yote kwa kampuni moja, hata iwe kubwa kiasi gani. Amazon waliwahi kuuza hifadhi isiyo na kikomo; kikomo kikarudi mwaka 2017, na Desemba 2023 huduma yenyewe ya Amazon Drive ikafungwa. Walitoa taarifa mapema, sawa, lakini aliyehama nyumba na kubadili barua pepe aliisoma wapi?

---

Mkutubi_Chwaka (Unguja)

Shikamoo mwalimu, na nakupongeza kwa moyo wangu wote. Nafanya kazi ya kutunza nyaraka, niongeze kidogo tu.

Unalolifanya lina historia ya kuheshimika. Philadelphia alikuwepo mama mmoja, Marion Stokes, aliyewahi kuwa mkutubi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mpaka kifo chake Desemba 2012 alirekodi taarifa za habari nyumbani kwake usiku na mchana, kwa mashine kadhaa kwa pamoja. Aliacha makumi ya maelfu ya kanda, na leo ziko chini ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Vituo vyenyewe havikuwa na vingi vya vile. Na msidhani kufutwa kwa kipindi cha mjomba ni unyonge wetu sisi tu. BBC ya Uingereza walifuta sehemu nyingi za tamthilia yao ya *Doctor Who* za miaka ya 1960 ili kanda zitumike tena, na mwaka 2013 sehemu 9 zilizopotea zilitangazwa kupatikana, zikiwa zimekaa kwenye kituo cha televisheni Jos, Nigeria. Sauti za zile ambazo picha zake hazijaonekana zimebaki kwa sababu kulikuwa na watazamaji waliotega rekoda mbele ya televisheni zao sebuleni.

Ombi langu: faili lisiende kwenye wingu likiwa na jina alilolipa king'amuzi. Andika tarehe ya kurushwa ukianza na mwaka, kisha kituo, kipindi, na nani anaonekana. Pembeni yake weka faili dogo la maandishi: mzee ni nani, wa wapi, utenzi unaitwaje, anaanza dakika ya ngapi. Wewe unamjua mjomba kwa sura. Atakayefungua folda hiyo mwaka 2060 hatamjua.

Kuhusu sheria: kwa Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaruhusu nakala kwa matumizi binafsi ya mtu. Huku Unguja tuna sheria yetu. Kuhifadhi nakala yako mahali palipofungwa kwa nenosiri na kuitazama na ndugu yako ni jambo moja; kutoa kiungo kinachofunguka kwa kila mtu ni kutangaza, na hapo taarab ni mali ya kikundi na kipindi ni mali ya kituo. Lakini maneno ya utenzi ni ya mjomba, kwa hiyo sasa ni ya warithi wake. Kaeni kama familia muamue mnataka yafike wapi.

---

MwalimuPangani (Tanga)

Marahaba wanangu, na wakubwa zangu shikamooni. Nimesoma yote mara mbili, nikayafuata kwa mpangilio wa fundi.

Diski imekaa kimya kwenye laptopu. Hakuna *tik* hata moja. Nilinakili kipindi cha mjomba kwanza kama ulivyosema, nikakitazama mpaka mwisho, kimetimia. Kiko kwenye laptopu, kwenye flashi, na jana usiku nimekipandisha kwenye akaunti mpya. Kaka amekifungua Muscat, tukawa tunakitazama huku tuko kwenye simu. Tulipofika pale anaposimama katikati ya ubeti kumwambia mpiga picha asogee kivulini, kaka alicheka mpaka akashindwa kusema, maana ndivyo alivyokuwa, hawezi kumwona mtu juani akanyamaza.

Nimepata vipindi vya kwenda kwenye wingu, ni GB 46. Vya king'amuzi cha kulipia ni vitatu, nimeviacha.

Nimebakiwa na mambo mawili. Picha ya mjomba kwenye laptopu, akitikisa mkono, mkono unatoka mistari mistari kama meno ya kitana. Kwenye televisheni haikuwa hivyo. Je, imeharibika wakati wa kunakili? Na mwalimu wa kompyuta hapa shuleni ananishauri nizibane zote kwa programu ya HandBrake kabla ya kupandisha, zipungue nusu. Nifanye?

Mkutubi, ya maandishi nimeanza. Nimegundua wazee wawili siwajui majina, kesho kutwa nakwenda Pangani kuwauliza waliobaki.

---

FundiKiborloni (Moshi)

Alhamdulillahi, mwalimu. Basi tatizo lilikuwa umeme wa king'amuzi. Lakini diski hiyo ni ya zamani hata hivyo, usiifanye ya kutegemea.

Mistari si uharibifu. Chaneli nyingi za picha ya kawaida hurusha kila picha kwa nusu mbili: mistari ya namba witiri kwanza, kisha ya shufwa, zikiwa zimepishana sehemu ndogo ya sekunde. Televisheni inajua kuziunganisha. Laptopu inaonyesha zote mbili kwa pamoja, na mkono ukiwa umeshasogea kati ya nusu ya kwanza na ya pili, unapata hayo meno. Ukiwa ndani ya VLC bonyeza herufi D, yatapotea. Faili lenyewe halijaguswa.

Na hiyo ndiyo sababu nakwambia usizibane hizi GB 46. Ving'amuzi vyetu vya antena ni vya mfumo wa DVB-T2 na picha zake kwa kawaida zimeshabanwa na kituo kwa njia iitwayo H.264. Ukizibana tena unapoteza mara ya pili. Na mtu akibana picha hii bila kuondoa mistari vizuri, meno yale yanagandishwa ndani ya faili moja kwa moja, hakuna kitufe cha D kitakachoyatoa. Pandisha .ts kama ilivyotoka. Ukitaka nakala nyepesi ya kumtumia kaka kwenye simu, tengeneza nyingine pembeni kwa HandBrake, kichujio cha kuondoa mistari kikiwa kimewashwa, na uiite jina tofauti ili isije ikachanganywa na ile halisi. Wala usiitume kwa WhatsApp kama video, itaminywa tena. Itume kama faili, au mpe ruhusa kwa barua pepe yake kwenye Drive. Usichague ile ya "yeyote mwenye kiungo".

Zile taarab, zikibanwa kwa njia nyingine, H.265, hazina neno, zitapungua sana na jicho la kawaida halitaona tofauti kubwa. Lakini kwa kuwa zinasafiri kwa diski, hata hiyo kazi huihitaji.

Kwa kupandisha GB 46 usitumie kivinjari. Kikikatika katikati hujui kipi kimefika na kipi hakijafika. Mwambie mwalimu wa kompyuta akuwekee programu ya rclone, ni ya bure. Ukiiamuru inakili folda, intaneti ikikatika na ukairudia amri ile ile, inaruka yaliyokwisha fika na kuendelea na yaliyobaki. Mwisho mwambie aendeshe `rclone check` kwenye folda ya laptopu na ya wingu: inalinganisha alama za kila faili pande zote mbili, na kama hata baiti moja imekosewa njiani itakutajia faili gani. Usifute chochote Tanga kabla hujaona imesema hakuna tofauti.

Kuna watu watakushauri uyafunge kwa usimbaji, yaani yasisomeke bila funguo, kabla ya kupandisha. Kwa hati za nyumba ningekubali. Kwa haya, hapana. Hakuna siri humo, na siku funguo ikipotea na wewe haupo, kaka atabaki na GB 46 za kelele.

Ukirudi Pangani na majina, kabla hujaunganisha vile vipande vya GB 4, bandika hapa majina ya faili yalivyo, herufi kwa herufi. Ving'amuzi vingine huvihesabu kuanzia sifuri, vingine kipande cha kwanza hakina namba, na Windows ikivipanga kwa alfabeti, cha kwanza kinaweza kuangukia mwisho.